Funga Kaye, Ujiulize

Mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, watoto wa darasa la sita katika Kongo wanaonekana na kaye mkononi kila mahali. Mmoja anasoma chini ya mwembe. Mwingine anasoma akingoja zamu yake penye bomba la maji. Mwingine anatembea nyuma ya nyumba, akisoma kwa sauti kubwa kama mtu anayegombana na ukuta. Wazazi wanawatazama na kufurahi. Mama anasema: «Mwanangu anasoma kweli.» Nao watoto wenyewe wanajiona wamesoma kweli.

Lakini yafaa kuwajaribu. Ukimkuta mtoto wa namna hiyo, chukua kaye yake kwa upole, uifunge, kisha umwambie: «Nieleze uliyosoma sasa hivi.» Mara nyingi atatazama juu, ataanza neno moja, atakwama, naye atanyosha mkono kutaka kaye yake. «Nilikuwa najua,» atasema. Hasemi uwongo. Macho yake yalikuwa yanajua. Kila mstari ulipopita mbele yake ulionekana kama ndugu anayejulikana. Lakini kumtambua mtu anapopita njiani ni jambo moja. Kutaja jina lake wakati hayupo ni jambo jingine. Na siku ya mtihani kaye haipo.

Katika mji wa Kalemie, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, aliishi kijana wa miaka 12 aliyesoma hivyo hivyo. Baba yake alikuwa mvuvi. Mama yake aliuza ndakala wakavu sokoni. Nyumbani walikuwa watoto sita. Dada yake mkubwa aliacha shule alipofika darasa la tano, kwa sababu karo ilikosekana. Siku zile shule za msingi bado zilitoza karo. Serikali iliiondoa karo hiyo katika shule za umma mwezi wa tisa, mwaka 2019, lakini wakati huo dada alikuwa amekwisha zoea beseni la ndakala kichwani, wala hakurudi. Basi kijana huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza nyumbani kufika mbele ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi.

Hakuwa mvivu. Hilo lisemwe wazi, maana watu wazima wana haraka ya kumwita mtoto mvivu. Kabla ya mtihani wa katikati ya mwaka alikesha siku tatu. Umeme ulipokatika, aliwasha tochi. Kaye ya jiografia aliisoma toka mwanzo hata mwisho mara tano, mpaka pembe za karatasi zikawa nyeusi. Kisha alipata pointi 38 kwa 100.

Baba yake hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu: «Mwanangu, kama vitabu vinakukataa, mtumbwi una nafasi.» Neno hilo lilimwumiza kijana kuliko fimbo. Si kwamba uvuvi ni kazi mbaya. Ndio uliowalisha wote. Lakini alikuwa amesoma mpaka usingizi ukamkimbia, naye hakuona ni kitu gani tena angeweza kuongeza.

Jioni moja dada yake alikuwa anasonga bukari juu ya mbabula. Kijana alikaa kando yake na kaye, akisoma kwa sauti habari za mito. Dada akachoka kusikia mito ile ile. Akafuta mikono, akainyakua kaye.

«Mto gani unatoka katika ziwa letu?»

«Yaya, acha nimalize kusoma kwanza.»

«Umekwisha kusoma tangu juzi. Mto gani?»

«Lukuga.»

«Nao unaingia wapi?»

Kijana akanyamaza. Mto Lukuga aliuona kila siku, maana unatoka ziwani hapo hapo Kalemie. Tena mara tano alikuwa amesoma mahali unapokwenda kuingia. Akafikiri na kufikiri, mpaka bukari ikaanza kushika chini ya sufuria.

«Lualaba!»

«Ndiyo,» dada akasema. Alikuwa anafuatisha kidole chini ya mstari, kwa kuwa alisoma polepole. «Sasa nitajie nchi zinazopakana na Kongo.»

Kijana alitaja sita, akakwama. Dada akamsomea tatu zilizobaki, akaifunga kaye, akairudia bukari yake. Jioni ya pili alimwuliza tena, naye akataja nane. Jioni ya tatu alizitaja zote: Angola, Kongo-Brazzaville, Afrika ya Kati, Sudani Kusini, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Zambia. Siku hizo zote hakuzisoma hata mara moja. Alizitafuta kichwani tu, penye mbabula, na moshi machoni.

Dada yule hakujua kwamba alifanya jambo lililokwisha andikwa zamani. Mwingereza Francis Bacon, katika kitabu chake Novum Organum cha mwaka 1620, alieleza kwamba mtu anayesoma maneno mara ishirini hayashiki kwa urahisi kama yule anayeyasoma mara kumi, akijaribu katikati kuyasema kwa kichwa, na kutazama kitabu pale tu anapokwama. Watu walisoma shauri hilo, wakalisifu, wakaendelea kusoma mara ishirini.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima shauri hilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu katika mji wa St. Louis. Waliwapa habari fupi za kusoma. Habari moja wanafunzi waliisoma tena. Nyingine hawakuisoma tena, bali waliandika kwa kichwa yote waliyoyakumbuka. Wale waliopimwa baada ya dakika 5 walikumbuka sehemu 81 kwa 100 za habari waliyoisoma tena, na 75 kwa 100 za ile waliyoiandika kwa kichwa. Basi kusoma tena kulishinda. Lakini wengine walipimwa baada ya juma moja. Hao walikumbuka sehemu 42 kwa 100 za habari waliyoisoma tena, na 56 kwa 100 za ile waliyoiandika kwa kichwa.

Tazameni vizuri hesabu hizo, maana ndani yake mna mtego wote. Kusoma tena kunafaa kweli kwa dakika tano. Mtoto anasoma, anajipima papo hapo, anaona anajua, anafunga kaye na kwenda kucheza kwa moyo mweupe. Hadhani kwamba yale aliyoyapata yameanza kuvuja kabla hajafika mlangoni. Kujiuliza, kinyume chake, kunachosha na kunatia aibu kidogo, maana unaona wazi usiyoyajua. Ndiyo sababu watu hawakupendi.

Mwalimu wa kijana alipopata habari ya maswali ya penye mbabula, alicheka, akamfundisha jambo moja zaidi. Alimwambia achukue karto tupu ya sabuni, aigawe ndani vyumba vitatu kwa vipande vya karto nyingine. Kisha akate karatasi ndogo ndogo, upande mmoja aandike swali, upande wa pili jibu. Karatasi zote zinaanza katika chumba cha kwanza, nacho kinafunguliwa kila siku. Swali likijibiwa vema, linahamia chumba cha pili, kinachofunguliwa kila siku ya tatu. Likijibiwa vema tena, linakwenda chumba cha mwisho, cha Jumamosi, siku ya posho. Lakini likikosewa, hata kama limefika chumba cha mwisho, linarudi la kwanza bila huruma. Sanduku la namna hiyo lilielezwa katika kitabu cha mwaka 1972 na Sebastian Leitner, mwandishi wa lugha ya Kijerumani. Uzuri wake ni huu: mtoto hapotezi wakati kwa yale anayoyajua. Wanafunzi wengi wanapenda kurudia yale wanayoyajua, kama vile mtu anavyopenda kukuna mahali panapomwasha.

Na kwa nini kuacha siku zipite katikati? Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa uvumilivu wa ajabu. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazishika kwa kichwa, kisha akahesabu ni kazi kiasi gani iliyohitajika kuzishika tena. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alionyesha kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Baada ya hapo upotevu ulikwenda polepole. Aliona pia kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku mbalimbali yalifaa kuliko marudio mengi ya siku moja. Silabi zisizo na maana zinapotea upesi kuliko masomo yenye maana, ni kweli. Walakini aliyekesha siku tatu kabla ya mtihani wa katikati ya mwaka angemwelewa Ebbinghaus bila mkalimani. Wayesuiti nao, katika kanuni za shule zao za mwaka 1599, waliagiza masomo ya juma yarudiwe siku ya Jumamosi. Hawakuwa na vipimo. Walikuwa na wanafunzi.

Sanduku lile likazaa michezo. Kijana alikwenda nalo shuleni, na wenzake wakakaa duara wakati wa mapumziko na mpira wa matambara. Anayerushiwa mpira anachomoa karatasi na kujibu kabla ya kuurusha kwa mwingine. Siku nyingine walishuka ufukoni, wakachora Kongo nzima katika mchanga kwa kijiti, bila kitabu, wakaweka jiwe penye mji mkuu wa kila jimbo. Majimbo ni 25 tangu mwaka 2015, na Kinshasa peke yake ni la 26. Walibishana kwa kelele. Mwishoni walifungua kitabu na kuona mawe manne yamewekwa mahali pa uwongo. Mawe yale manne hawakuyasahau kamwe.

Si kila ufundi wa watoto una faida. Wako wanaopaka kila mstari rangi nyekundu, kijani na manjano. Kaye yao inapendeza kama kitenge cha sikukuu, lakini kichwa hakijafanya kazi yoyote. Wako pia wanaogeuza kila somo kuwa wimbo. Wimbo unafaa kwa majina yanayofuatana. Kwa hesabu haufai sana. Mtoto anaweza kuimba vizuri kabisa kwamba trapezi unajumlisha pande mbili sambamba, unazidisha kwa kimo, unagawa kwa 2; kisha anapewa shamba la kupima, naye haoni kwamba shamba lile ni trapezi. Kwa hesabu ni afadhali kuchanganya maswali: moja la duara, moja la pembetatu, moja la faida na hasara, tena la trapezi. Ukifanya maswali kumi ya duara mfululizo, kuanzia la pili hufikiri tena. Unafuata nyayo zako tu. Mtihani hauandiki juu ya swali kanuni gani itumike.

Sasa tufike penye kupumzika. Wazazi wengi wanadhani kwamba dakika ya kupumzika ni dakika iliyoibwa. Mwitalia mmoja, Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alishindwa kutuliza akili juu ya vitabu vyake. Alichukua saa ya jikoni yenye umbo la tomati, akajilazimisha kusoma mpaka ilie. Mwishoni alishika desturi ya kusoma dakika 25 na kupumzika dakika 5, na njia hiyo inaitwa mpaka leo Pomodoro, maana yake tomati kwa Kiitaliano. Nyumbani kwa kijana wa Kalemie hapakuwa na saa kama hiyo. Dada yake alipima kwa maji ya bukari: anza sasa, simama yakichemka. Ilitosha. Dakika ishirini na tano hazina uchawi. Jambo kubwa ni kwamba mwisho unajulikana, na akili inakubali kukaa.

Lakini mapumziko gani? Hapa watoto wa leo wanakosea kuliko watoto wa zamani. Wanafunga kaye, na papo hapo wanachukua telefone ya kaka na kutazama picha zinazokimbia. Kichwa hakijapumzika, kimebadili mzigo tu. Huko Edinburgh, katika Uskoti, Michaela Dewar na wenzake waliwasomea wazee hadithi fupi mbili, matokeo yakatolewa mwaka 2012. Baada ya hadithi moja wazee walikaa kimya dakika 10, macho yamefungwa, katika chumba chenye giza. Baada ya nyingine walipewa mchezo wa kutafuta tofauti kati ya picha. Siku 7 zilipopita, hadithi iliyofuatwa na kimya ilikumbukwa vizuri zaidi. Walikuwa wazee, si watoto, lakini mtoto yeyote anaweza kujaribu bila gharama. Baada ya somo jipya, gumu, kaa kwanza mlangoni na kutazama watu wanaopita. Usifanye kitu.

Kisha cheza. Chimba mashimo mchangani ucheze kisolo kwa vijiwe. Ruka kamba. Piga mpira mpaka jasho litoke. Hata kuchota maji ni mapumziko mazuri kwa mtoto aliyekaa ameinama juu ya kaye. Lakini mzazi asilitumie neno hili kumtwika binti kazi zote za nyumba. Msichana aliyetoka shuleni akateka maji, akatwanga, akaosha vyombo, kisha akafungua kaye saa mbili ya usiku, haambiwi apumzike kwa kufagia lupango. Huyo apunguziwe kazi, na kaka zake washike ndoo. Nyumba nyingi zinalalamika kwamba wasichana wao hawafaulu, wala hazihesabu ndoo.

Quintilianus, aliyefundisha mjini Roma katika karne ya kwanza, alijua habari hizi. Alisema mtoto akinyimwa mapumziko atachukia masomo, akizidishiwa atazoea uvivu. Tena alistaajabia jambo moja ambalo kila mwanafunzi ameliona: usiku mmoja ukipita katikati, kumbukumbu inapata nguvu, na maneno yasiyokubali kutoka jana yanatoka asubuhi yenyewe. Waganga wa usingizi wa siku hizi wanashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale masaa 9 hadi 12 kila usiku. Basi anayekesha kwa ajili ya mtihani anafanya kama mvuvi anayeuza nyavu zake ili anunue petroli ya kuendea kuvua.

Kijana alifuata njia hiyo miezi minne. Haikuwa rahisi. Juma la kwanza karatasi karibu zote zilibaki chumba cha kwanza, naye akataka kulitupa sanduku ziwani. Mara mbili alirudi kwa siri kwenye kusoma tena na tena, kwa sababu kulimtuliza moyo. Dada yake alimkuta, akaichukua kaye, wakagombana kweli kweli, na jioni ile hawakusemezana. Kesho yake mbabula ikawashwa, na maswali yakaanza upya.

Usiku wa kuamkia mtihani aliomba sanduku. Dada alikuwa amelificha chini ya kitanda cha mama. «Leo hakuna,» alisema. «Tayarisha kalamu zako, uoge, ulale.» Kijana alinung'unika, akaenda kukaa na baba yake nje, aliyekuwa anashona wavu. Baba hakumwuliza kitu juu ya masomo. Alimpa ncha moja ya wavu aishike. Saa mbili kijana alikuwa amelala.

Matokeo yalipotoka alikuwa na pointi 64 kwa 100. Si za kwanza darasani, na hakuna aliyejali. Watoto wa jirani walimmwagia poda nyeupe kichwani mpaka mama yake hakumtambua, na baba alirudi ziwani mapema siku ile akiwa na samaki wa kutosha majirani wote.

Sanduku lilichukuliwa mara moja na mdogo wao, aliye darasa la nne. Karatasi za darasa la sita hazikumfaa, basi dada mkubwa alikaa kumwandikia mpya, herufi kwa herufi, akiyatafuta majibu katika kitabu. Kwa miezi ile minne ya kuuliza, kidole chake chini ya mstari kilikuwa kimepata mwendo, na alijua kutaja nchi tisa kwa haraka kuliko kijana mwenyewe. Pembeni aliweka fungu jingine la karatasi, lililofungwa kwa uzi. Yalikuwa maswali ya darasa la tano, pale alipoachia. Jioni sasa, bukari ikiwa motoni, mdogo ndiye anayeshika karatasi na kuuliza, na yaya anajibu.